Sinema za Kugombania Ukubwa



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya mahari na matumizi ya arusi, lakini imetufikia barua kutoka Bwejuu ambayo tumeona haifai kungoja. Aliyeiandika ni baba wa watu, mtu wa bahari na wa msikiti. Asema kuwa kijana wake amemposa binti wa mjini, wa ukoo ambao nusu yake iko Unguja na nusu yake iko Maskati. Posa ilikubaliwa, majibu yakaletwa kwa heshima, na siku ya kupeleka mahari ikatajwa. Kisha kijana mmoja wa upande wa mume akaingiza katika kundi la simu la ukoo kipande cha filamu cha dakika chache, kinachoonyesha Unguja ya Januari 1964 kama ilivyoonekana kutoka angani: watu wanakimbilia baharini, na wengine wamelala chini wala hawainuki. Chini yake akaandika maneno ya mzaha. Kipande kile hakikukaa upande mmoja. Kilivuka usiku ule ule hata kikafika kwa mjomba wa binti, naye akajibu kwa maneno ambayo mzee wetu ameona haya kuyaandika. Tangu siku hiyo hapana aliyetaja mahari tena.

Mzee huyu atuuliza mambo mawili. Je, yafaa kwa Muislamu kutazama sinema hizi za watu kupinduana na kuuana kwa ajili ya ukubwa? Na je, yaliyomo katika kipande kile ni kweli?

La kwanza hatutalikawiza. Kutazama ili kujua yaliyotokea si sawa na kutazama ili kustarehe. Maiti ana heshima yake, nasi tumefundishwa kumsitiri kwa sanda na kumpeleka kaburini kwa upole. Basi aliyechukua picha ya watu waliouawa akaipeleka kwa wenzake kwa kicheko amewakosea waliokufa, na amewakosea watoto wao walio hai. Kijana yule anapaswa kwenda kuomba radhi, tena kwa miguu yake na si kwa simu. Hapa hatuna la kuongeza.

La pili ndilo lenye mazungumzo marefu, kwa kuwa jawabu yake si ndiyo wala siyo.

Kipande kile kimetolewa katika filamu ya Kiitaliano iitwayo Africa Addio, maana yake Kwaheri Afrika, iliyotolewa mwaka 1966. Walioitengeneza ni Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, watu waliokwisha kujipatia jina kwa filamu ya Mondo Cane ya mwaka 1962, ambayo ilikusanya mambo ya ajabu na ya kuchukiza kutoka pembe zote za dunia ili watu walipe kiingilio wakayashangae. Walizunguka Afrika katika miaka ile ambayo bendera za wakoloni zilikuwa zikiteremshwa, nao wakachagua walichokitaka: damu, wanyama waliouawa, nyumba za wazungu zinazouzwa, majeshi ya kukodiwa katika Kongo. Filamu nzima ni zaidi ya saa mbili, na Unguja imo kwa dakika chache tu. Lakini dakika hizo hutajwa kuwa ndizo picha pekee za mwendo za mauaji yale zinazojulikana, na kwa sababu hiyo zimeishi kuliko filamu yenyewe.

Picha zile zilipigwa kutoka angani baada ya usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, usiku ambao serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, iliyokuwa chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, ilipinduliwa ikiwa haijatimiza hata siku arobaini tangu uhuru wa 10 Desemba 1963. Watu walikufa wengi, na waliokufa wengi wao walikuwa Waarabu. Idadi yao hakuna aliyeihesabu kwa yakini. Waandishi wa historia wametaja kuanzia maelfu machache hadi zaidi ya elfu kumi. Mtu akikwambia kwamba hapana aliyekufa, au kwamba watu wale ni waigizaji waliolipwa walale chini, usimsadiki. Twajua kuwa wako wanaosema hivyo mpaka leo, na wengine ni watu wazima wenye elimu zao. Mwenye kusema hivyo amwambia mwana wa yatima kwamba hakuwa na baba.

Bali filamu ina mambo mawili, picha na maneno yanayosemwa juu ya picha, na vijana wetu huyapokea yote kama kitu kimoja. Mpigaji wa picha yuko juu hewani. Haoni uso wa mtu wala hajui jina lake, wala hajui nani ameuawa na nani amekimbia, nani ni jirani na nani ametoka mbali. Kisha baadaye, katika chumba kilichoko Italia, anakaa mtu na karatasi, akaweka sauti ya huzuni na muziki wa kuliza, akawaeleza watazamaji wa Ulaya kwamba hivi ndivyo Mwafrika afanyavyo akiachiwa peke yake. Hiyo ndiyo shabaha ya filamu ile tangu mwanzo wake hata mwisho, na jina lake lasema hivyo. Haitaji uchaguzi wa Julai 1963, ambao chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, kisha kikapata viti 13 tu kati ya 31, na vyama viwili vilivyoungana vikaunda serikali. Haielezi fitina za Juni 1961, ambazo watu 68 waliuawa katika siku za uchaguzi, wengi wao Waarabu wa mashamba. Haitaji karafuu wala ardhi, wala haisemi neno juu ya Muingereza aliyewaandika watu wa kisiwa hiki kwa makabila, huyu Mwarabu, huyu Mhindi, huyu Mwafrika, hata mgao wa chakula wakati wa Vita Kuu ya pili ukafuata kabila. Wala hatuyataji haya ili kuhalalisha kuuawa kwa mtu asiye na hatia. Hakuna hesabu ya viti inayohalalisha hilo. Twayataja kwa kuwa mtu aliyeonyeshwa mauaji bila ya kuonyeshwa yaliyotangulia hana pa kwenda ila kusema: hawa ndivyo walivyo. Na hilo ndilo alilolisema mjomba wa binti, na ndilo alilokuwa akilisema kijana wa Bwejuu kwa mzaha wake, kila mmoja akielekeza kidole upande wake.

Wenyewe wa Ulaya hawakukubaliana juu ya filamu ile. Katika Berlin ya Magharibi, mwaka 1966, wanafunzi wa Kiafrika pamoja na wenzao wa Kijerumani waliipinga mbele ya jumba la sinema mpaka ikaondolewa. Huko Marekani mchambuzi wa filamu Roger Ebert aliiandikia mwaka 1967 kuwa ni filamu ya udanganyifu na ya ubaguzi. Katika Italia kwenyewe Jacopetti alichunguzwa na sheria kwa tuhuma kwamba mauaji fulani ya Kongo yalipangwa yaafikiane na kamera yake. Akaachiliwa baada ya kutoa ushahidi. Sisi hatumhukumu kwa jambo aliloachiliwa. Twasema tu kuwa mtu anayekwenda kununua samaki huuliza amevuliwa lini, na sisi twapokea khabari ya roho za watu bila ya kuuliza imetoka wapi, ilhali Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua.

Na tusidhani kuwa maradhi haya ni ya filamu moja. Baba zetu walikuwa watu wa sinema. Katika mji wa Unguja walijaza Majestic na Empire na Sultana. Na wengi wao wanaikumbuka Mughal-e-Azam, filamu ya Kihindi ya mwaka 1960, ambayo mwana wa mfalme, Salim, ampigia vita baba yake Akbar kwa ajili ya mapenzi ya Anarkali. Ukumbi mzima huwa upande wa Salim. Na kwa nini usiwe, maadamu mtengenezaji ndiye aliyewaweka watu hapo, kwa nyimbo na kwa machozi? Katika historia Salim alimwasi baba yake kweli. Lakini alipokwisha kuwa mfalme, akaitwa Jahangir, mwanawe mwenyewe Khusrau alimwasi yeye katika mwaka 1606, naye akaamuru kijana yule apofuliwe. Hayo hayamo katika nyimbo. Filamu ya kugombania ukubwa hukupa kiti cha kukalia kabla taa hazijazimwa, na kutoka kiti kile huoni ila upande mmoja.

Tutazame na filamu za Idi Amin, kwa kuwa vijana wetu wanazijua zaidi. Amin alitwaa Uganda kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971. Barbet Schroeder alikwenda akatengeneza filamu juu yake, ikatolewa 1974, na Amin mwenyewe aliipenda fikra hiyo. Alikuwa akiwaonyesha waliokuja mamba na askari wake, akacheza vita vya uongo vya kuteka milima ya Golan. Alidhani kamera ni mtumishi wake. Mna humo mkutano wa mawaziri, Amin anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga, mbele ya wenzake, nao wamekaa wanaandika kama watoto wa chuo. Ukitazama bila ya kuambiwa utadhani ni kikao cha kuchekesha. Kisha sauti inakujulisha kuwa baada ya wiki mbili waziri yule alikutwa maiti katika mto Nile. Amin alipojua yaliyomo alitaka baadhi ya sehemu zikatwe, naye aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akamwachia mwenye filamu nafasi ya kuchagua. Schroeder akakata, akaja kuzirudisha baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979. Hapa, basi, neno dogo lililosemwa juu ya picha ndilo lililoifanya picha iseme kweli. Sisi tulipoiona tulikaa kimya kitambo.

Filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ambayo Forest Whitaker alipata kwayo tuzo kubwa ya Marekani, ni mlango mwingine. Yule tabibu kijana wa Scotland ambaye kila jambo laonekana kupitia macho yake, hakuwako duniani. Ametoka katika riwaya ya Giles Foden. Tumepata kumsikia mwalimu wa sekondari akimtaja kana kwamba alisoma khabari zake katika historia. Waganda maelfu kwa maelfu waliouawa walikuwako, nao katika filamu ile wamekuwa ukuta wa nyuma ili Mzungu wa kubuni apate kuonekana vizuri.

Yatosha juu ya filamu. Turudi Bwejuu.

Tulikwenda siku ya Ijumaa, tukapita Jozani na Paje, tukafika maji yakiwa yametoka na kina mama wako mbali kabisa katika mwani. Baada ya sala tulikaa barazani kwa mzee wetu pamoja na vijana, na yule mwenye kosa alikuwamo, ameinamisha kichwa. Tulikuwa tukiwaeleza haya tuliyoyaandika, huenda kwa urefu kuliko ilivyohitajiwa, akatoka ndani mama yake mzee wetu, bibi wa miaka ya sabini na kitu, akakaa kizingitini na makumbi yake anasokota kamba. Alisikiliza. Kisha akasema: "Wanangu, hiyo picha mnayogombana kwayo, nionyesheni."

Vijana walitazamana. Baba yao akasema: "Mama, haikufai ile." Bibi akasema: "Mimi nilikuwako, wewe hukuwako. Nionyesheni."

Wakamwonyesha. Aliishika simu karibu na uso, akatazama mpaka mwisho, akasema: "Rudisha nyuma." Wakarudisha. Akatazama tena, akasema tena: "Rudisha." Mara ya tatu tulimuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta duka.

Khabari yake ni hii. Katika miaka ile ya utoto wake palikuwa na Mmanga mwenye duka, katika kijiji kisicho mbali, aliyekuwa akinunua kamba za makumbi kwa mama yake na kuwauzia mchele, sukari na mafuta ya taa. Alikuwa na daftari. Mtu asipokuwa na kitu huchukua na kuandikwa, akalipa kwa kamba. Januari ile yeye alitumwa dukani akachukua mchele na mafuta ya taa. Deni likafika shilingi tatu na sumni. Baada ya siku chache wakaanza kusikia kwa jirani mwenye redio sauti ya mtu wasiyemjua, mwenye Kiswahili kigumu cha bara, akijiita Fildi Mashali na kutoa amri za kutisha. Huyo alikuwa John Okello, mtu wa Uganda, ambaye miezi miwili haikutimia kabla ya kuzuiwa asirudi tena Unguja. Watu walijifungia. Walipotoka, duka lilikuwa wazi na tupu, na mwenyewe hayupo. Hajui kama aliuawa, au alipata chombo, au alipelekwa na waliosafirishwa. Hakuna aliyemwambia, na katika miaka iliyofuata haikuwa kawaida kuuliza.

"Mama yangu," akasema, "alipokuwa akifa alinambia, lile deni la Mmanga lipo. Nami nimekaa nalo. Mtu akinambia hawa, hawa, mimi sijui hawa. Mimi namjua yule mmoja, na jina la baba yake nalijua, na kabila lake nalijua. Na katika picha yenu hayumo."

Akaturudishia simu. Tulimweleza kuwa kutoka angani duka la makuti halijulikani na nyumba nyingine, na huenda picha ile haikupigwa upande wa kwao hata kidogo. Alisema amekwisha kuona hivyo.

Akatuuliza juu ya deni, nalo ni swali ambalo twaweza kulijibu kwa wepesi zaidi kuliko yale ya mwanawe. Deni haliondoki kwa kufa kwa mdai wala kwa kupotea kwake. Ni haki ya warithi wake. Hapana budi kuwatafuta kwa kadiri ya uwezo, na wasipopatikana baada ya jitihada, wanazuoni wengi wamesema litolewe sadaka kwa nia ya mwenyewe; na warithi wakitokeza baadaye waelezwe, wakiridhika basi, na wakitaka chao wapewe. Kuhusu kiasi, shilingi tatu na sumni za mwaka 1964 si za leo, na wanazuoni wana maneno juu ya jambo hilo ambayo tutayaeleza katika toleo jingine. Bibi mwenyewe alisema hataki khitilafu, atapiga hesabu ya mchele na mafuta yale yale kwa bei ya dukani leo.

Alipotaja jina la yule Mmanga na la baba yake na kabila lake, mzee wetu alishtuka, kwa kuwa kabila lile ndilo la upande wa mama wa yule binti aliyeposwa. Hatukusema kuwa ni jamaa. Kabila moja Oman lina watu wengi. Lakini bibi alikwisha kuinuka. Alisema atakwenda mjini yeye mwenyewe, kabla ya mahari na mbali na mahari, na yule mjukuu mwenye simu atamchukulia mkoba.

Walikwenda Jumatatu iliyofuata, nasi tulipata khabari kwa mzee wetu. Kijana aliomba radhi kwanza, akapokewa kwa baridi. Kisha bibi akaeleza haja yake, akataja lile jina. Mjomba alimtaka alirudie mara mbili, akatoa miwani, akaliandika katika karatasi, herufi moja moja, na jina la kijiji, na duka lilivyokaa, na daftari. Hakumjua mtu huyo. Alisema ana shangazi yake Maskati, mkongwe, ambaye akili yake ingali nzuri, na atamsomea kwa simu siku ile ile.

Mpaka tunapeleka ukurasa huu mtamboni, jawabu ya shangazi haijafika. Pesa za bibi ziko tayari, amezifunga katika pindo la kanga.